Wontoni Zako Hazikauki? Anza Kutafuta Maji

Wontoni, vile vifuko vyembamba vya unga vyenye nyama ndani, zimekwisha pata makao kwenye sinia za Mombasa. Ukialikwa futari Mji wa Kale au Tudor, au ukienda kwenye arusi yenye meza ya vitafunio, utazikuta zimepangwa kati ya sambusa, kababu na katlesi. Asili yake ni China, ambako aghalabu huchemshwa na kuliwa ndani ya supu. Sisi tumezipenda zaidi za kukaanga, maana karai tumelizoea tangu utotoni.

Mazoea hayo ya karai ndiyo yanayowaangusha wengi. Mpishi hodari wa sambusa huingia kwenye wontoni akidhani kazi ni ileile, kisha zinamfungukia kwenye mafuta, au zinatoka zimelowa, au zinalegea kabla wageni hawajafika. Manda ya sambusa, yaani ile ngozi ya unga, imekwisha pitishwa juu ya chuma ikaiva nusu, na nyama yake imekwisha kaushwa jikoni. Wontoni ni mbichi nje na mbichi ndani. Maji yote ya unga, ya nyama na ya mboga bado yamo, na lazima yashughulikiwe ndani ya dakika mbili tatu za kukaanga. Kwa hiyo kosa likitokea, mimi siangalii kwanza chapa ya mafuta wala ukubwa wa karai. Nauliza: maji yalikuwa wapi, na kwa nini hayakutoka?

Maji huchemka kwenye nyuzi 100. Mafuta ya kukaangia wontoni yanatakiwa yawe kwenye nyuzi 175 hadi 180. Ukitumbukiza wontoni, maji ya manda yanageuka mvuke papo hapo na kutoka kwa nguvu. Vile viputo unavyoviona ni mvuke, na mradi unatoka, mafuta hayapati nafasi ya kuingia. Viputo vikipungua na mlio ukitulia, manda imekauka. Ukilielewa hilo, matatizo mengi utayasoma mwenyewe.

Ili tuwe tunazungumzia kitu kimoja, hiki ndicho kipimo ninachokitumia. Unga wa ngano gramu 250, yai moja, chumvi nusu kijiko cha chai, na maji kama mililita 80, yatiwe kidogo kidogo. Donge liwe gumu kuliko la chapati. Likande dakika nane hadi kumi, lifunike, lilale nusu saa au zaidi. Sukuma mpaka uone kivuli cha mkono wako upande wa pili, kata miraba ya sentimita 9. Utapata kama 35. Ndani: gramu 250 za kuku wa kusaga au kamba waliokatwakatwa, tangawizi, thomu, vitunguu vya majani, sosi ya soya kijiko kimoja cha chakula, mafuta ya ufuta kijiko cha chai, pilipili manga. Kila wontoni itiwe kijiko kimoja cha chai cha nyama, kisizidi.

Zinafunguka ndani ya mafuta

Usizitupe kabla hujazitazama. Chukua moja iliyofunguka uiangalie vizuri ni wapi palipoachia.

Ikiwa imeachia kwenye ukingo, na kingo zote mbili ni safi kama hazijawahi kugusana, basi hazikushikana tangu mwanzo. Kuna sababu tatu. Ya kwanza ni unga mkavu. Ule uliounyunyiza ili manda zisigandane umebaki kwenye ukingo, na maji uliyopaka yameulowesha unga huo badala ya manda. Pangusa kila manda kwa brashi kavu au kwa kiganja kabla ya kuijaza. Ya pili ni mafuta ya nyama. Ukiweka nyama kwa pupa ikagusa ukingo, hata ukiipangusa inaacha utando wa mafuta, na hapo hapashiki tena. Weka nyama katikati kabisa. Ya tatu ni maji mengi. Ukingo unatakiwa unate kidogo kwenye kidole. Ukiteleza, umezidisha, na ukibonyeza manda zinatelezeana tu. Chovya ncha ya kidole, pitisha mara moja, basi.

Ikiwa ukingo umeshika lakini tumbo limepasuka, chanzo ni hewa. Hewa iliyofungiwa ndani ikipata joto inatanuka, na mvuke wa nyama unaongezea. Funga kwa kuanzia pale nyama ilipo ukielekea nje: kunja mraba uwe pembetatu, shika kilele, kisha pitisha vidole viwili kuizunguka nyama ukisukuma hewa itoke, ndipo ubonyeze ukingo. Ukimaliza, inyanyue uielekeze kwenye mwanga wa dirisha. Manda nzuri inaruhusu mwanga kupita. Utaiona nyama kama doa jeusi, na hewa kama ukungu mweupe pembeni yake. Ukiuona ukungu huo, fungua kidogo, itoe, funga tena. Kwa wontoni za kamba, hakikisha hakuna kipande cha ganda au mkia, kwa sababu kinatoboa.

Kuna wanaotumia manda za sambusa kwa sababu zinapatikana kirahisi na zina bei nafuu. Zinafaa, lakini maji matupu hayawezi kuzifunga, maana unga wake umekwisha iva. Tumia uji mzito wa unga na maji, uleule wa sambusa, na nyama uipike kwanza. Matokeo yake ni kitafunio kizuri, ila usitegemee ule uso wenye vilengelenge vidogo vidogo wa wontoni. Huo hutoka kwenye manda mbichi peke yake.

Zinatoka zimelowa mafuta

Ivunje moja ingali na joto lake. Mafuta yakimwagika kutoka ndani, pamoja na nyama, ukingo ulivuja. Rudi hapo juu. Lakini kama ndani ni pakavu, na manda yenyewe ndiyo inayong'aa na kuacha mafuta kwenye vidole, moto ulikuwa mdogo.

Moto mdogo hautokani na kitasa cha jiko peke yake. Mara nyingi unawasha moto sawasawa, mafuta yanapata joto, kisha unatumbukiza wontoni kumi na tano kwa pamoja. Zote ni baridi, zote zina maji, na mafuta yanaporomoka mpaka chini ya nyuzi 150. Mvuke unatoka kivivu, na manda inakaa kwenye mafuta inayanywa. Kwa karai lenye lita moja ya mafuta, tia sita au saba, zaidi ya hapo subiri zamu. Baada ya kila zamu mpe karai dakika nzima lirudishe joto lake. Mtungi wa gesi unaokaribia kwisha nao hudanganya. Mwali unaonekana upo, lakini hauna nguvu ya kurudisha joto haraka.

Kipimajoto cha jikoni kinaondoa ubishi wote. Kama huna, kata kipande cha manda, kitupe. Kikizama kikakaa chini, bado. Kikiibuka mara moja kikizungukwa na viputo na kuchukua kama nusu dakika kupata rangi, tayari. Kikiibuka na kugeuka kahawia papo hapo, punguza moto usubiri.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui, nami nalisisitiza sana: sehemu kubwa ya mafuta huingia baada ya wontoni kutoka karaini. Mvuke uliomo kwenye vitundu vya manda ukipoa unasinyaa, na unayavuta ndani mafuta yaliyobaki juu ya ngozi. Kwa hiyo ukizitoa, zikung'ute juu ya karai kwa kijiko cha matundu, kisha zisimamishe kwenye wavu wa waya, kilele juu, mafuta yashuke. Ukizimwaga tu kwenye sahani yenye karatasi, ule upande wa chini unakaa ndani ya mafuta yake mwenyewe.

Zinatoka kavu, lakini zinalegea baada ya muda mfupi

Hili ndilo tatizo la Mombasa hasa. Mapishi mengi tunayoyasoma yameandikwa na watu wa nchi zenye hewa kavu. Hapa kisiwani unyevu wa hewa mara nyingi unazidi asilimia 70, na wakati wa masika, hususan mwezi wa Mei, hata biskuti ikiachwa wazi mezani inalegea. Manda nyembamba iliyokauka inavuta unyevu kutoka hewani, na inauvuta vilevile kutoka kwenye nyama iliyomo ndani.

Anza na nyama. Kabeji, karoti na vitunguu vina maji mengi kuliko unavyofikiri. Ukitaka kabeji, ikate nyembamba, itie chumvi, iache dakika kumi na tano, kisha ikamue kwa kitambaa. Utashangaa maji yatakayotoka, na hayo yote yangeishia kwenye manda. Kamba waliogandishwa wakiyeyuka waweke kwenye chujio, kisha wakaushe kwa kitambaa kabla ya kuwakata. Sosi ya soya usiimimine kwa jicho, pima. Bakuli la nyama likiwa na majimaji chini, usianze kujaza. Tia kijiko cha chai cha wanga wa mahindi, ukoroge, uiweke nyama ndani ya friji kwa nusu saa, ishike.

Kisha angalia unazitoa lini. Wengi huzitoa zikishapata rangi. Rangi si kipimo cha kutosha, hasa manda ikiwa na yai, kwa sababu yai linaharakisha rangi. Sikiliza. Wontoni ikiingia inapiga kelele kubwa, na ikikauka mlio unashuka na viputo vinakuwa vichache na vidogo. Hapo ndipo pa kuitoa. Ikipata rangi kabla mlio haujashuka, moto wako umezidi kidogo.

Baada ya hapo ni namna ya kuzihifadhi. Hotpoti ni adui wa wontoni, na ni lazima niliseme wazi kwa sababu ndilo kosa ninaloliona kila Ramadhani. Mtu anakaanga alasiri, vizuri kabisa, anazipanga kwenye hotpoti na kufunga kifuniko ili zibaki moto mpaka adhana ya magharibi. Wontoni moto inaendelea kutoa mvuke. Mvuke unagonga kifuniko, unageuka matone, unadondoka. Ukifungua, za juu zimelowa maji na za chini zimebanwa. Heri wontoni ya vuguvugu iliyokauka kuliko ya moto iliyolegea. Zipange safu moja kwenye wavu, bila kufunika, mbali na sufuria ya uji au supu inayochemka. Ukiwa na oveni, iwashe nyuzi 100 na uziweke humo na wavu wake, mlango ukiachwa wazi kidogo.

Na kama ni lazima uzikaange mapema, kaanga mara mbili. Mara ya kwanza kwenye nyuzi 160, ziive na ziwe na rangi ya majani makavu. Zitoe, zipoe wazi. Dakika chache kabla ya kula, zirudishe kwenye mafuta ya nyuzi 185 kwa nusu dakika hadi sekunde arubaini. Ule unyevu uliohama kutoka kwenye nyama kwenda kwenye manda wakati zinapoa unafukuzwa, na zinakauka kuliko zilizokaangwa mara moja. Wanaopika kwa oda hawana njia bora kuliko hii, hasa kama chakula kitavuka kivuko cha Likoni au kitakaa kwenye foleni ya kwenda Nyali. Kaanga ya kwanza kwako, ya pili kwa mwenye shughuli. Ikishindikana kabisa, zisafirishe kwenye kasha la karatasi lenye matundu, na chatini ya ukwaju iwe kwenye chombo chake.

Nje zimeungua, ndani mbichi

Moto mkali, nyama nyingi, au vyote viwili. Kijiko cha chai kilichojaa sawasawa kinaiva ndani ya dakika mbili na nusu hadi tatu kwenye nyuzi 175. Ukitia kijiko cha chakula, manda itaungua kwanza. Kwa kuku usikisie. Vunja moja ya zamu ya kwanza, nyama iwe nyeupe mpaka katikati na isiwe na utelezi. Ukiwa na kipimajoto, katikati pafike nyuzi 74.

Manda ngumu, inauma meno badala ya kuvunjika

Haikusukumwa vya kutosha, basi. Manda nene haiwezi kutoa maji yake kwa dakika tatu: nje inakauka, katikati inabaki kama mkate usioiva. Donge likikurudi kila ukisukuma, usilipige vita, lifunike lilale dakika kumi na tano zaidi, litalegea lenyewe. Angalia pia mkunjo. Ukikunja pembetatu kisha ukaleta pembe mbili pamoja, pale zinapokutana pana tabaka nne, na ndipo panapobaki pagumu. Kwa za kukaanga napendelea pembetatu tupu, au mfuko mdogo uliobanwa juu na ncha zake nne zikaachwa zimetawanyika. Ncha hizo ndizo zinazokauka vizuri kuliko sehemu nyingine zote.

Manda zinapasuka wakati wa kukunja

Zimekaushwa na feni. Jikoni kwetu bila feni hakukaliki, hasa wakati wa Kaskazi, lakini feni ikielekezwa mezani manda zinakauka kingo ndani ya dakika chache. Igeuze ikupepee wewe. Manda zifunike kwa kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa kabisa. Kikiwa kinadondosha maji, za juu zitagandana. Sukuma chache, jaza, kisha sukuma nyingine.

Malengelenge juu ya ngozi

Madogo madogo ni kawaida na ni uzuri wake. Likitokea moja kubwa kama puto, hilo ni hewa iliyofungiwa, na linaungua kabla ya sehemu nyingine.

Nyama ya ndani kavu, haina utamu

Mapishi ya asili ya Kichina mara nyingi hutumia nyama ya nguruwe yenye mafuta, na mafuta hayo ndiyo yanayoifanya iwe laini. Sisi tunaweka kuku badala yake, na tena tunachagua kidari, ambacho kina mafuta kidogo sana. Tumia nyama ya paja. Ukiwa na kidari tu, ongeza kijiko cha chakula cha mafuta na nusu ya ute wa yai. Koroga kwa nguvu upande mmoja kwa dakika mbili mpaka nyama inate na kushikamana. Hapo inashika maji yake yenyewe, na hayahamii kwenye manda.

Kamba ni jambo jingine. Wakisagwa kabisa wanakuwa kama uji mzito, wasio na cha kutafuna. Gawa mara mbili: nusu waponde, nusu wakate vipande vya ukubwa wa punje ya harage. Ukitaka wawe na mshiko ule wa mikahawa ya Kichina, wapake robo kijiko cha chai cha magadi ya kuokea kwa gramu 250, waache dakika kumi na tano, waoshe vizuri, wakaushe. Ladha ya magadi ikibaki, hukuosha vya kutosha.

Mafuta yanakuwa meusi, wontoni zina chembe chungu

Ni unga ulioanguka kutoka kwenye manda. Unazama, unaungua, na kila zamu inayofuata inaokota chembe zake. Zikung'ute wontoni kabla ya kuzitia, na kati ya zamu pitisha chujio la waya kuokota mabaki. Wanga wa mahindi wa kunyunyizia unakung'utika kirahisi kuliko unga wa ngano. Mafuta yakianza kutoa povu zito lisilotulia, au moshi kabla hayajafika joto la kukaangia, yamechoka, hata ukiyachuja. Usiyamwage kwenye sinki. Yaache yapoe, yatie kwenye chupa, yatupwe na taka. Na yakishika moto, zima jiko, funika karai kwa kifuniko cha bati, wala usitie maji.

Jibini inavuja

Marekani wana aina yao yenye jibini laini na nyama ya kaa, iliyopata umaarufu kupitia mikahawa ya Trader Vic's ya California. Kwetu inafaa sana, kwa kuwa kaa wa Pwani ni watamu. Kule Dabaso, kando ya Mida Creek, sambusa za kaa zina sifa yake. Tatizo ni kwamba jibini ikiyeyuka inakimbilia kila tundu. Ikiwa ya kupaka, iliyotiwa maji mengi, itavuja hata ufunge vipi. Chagua ile nzito ya kipande, kamua nyama ya kaa kwa kitambaa, tia nusu kijiko cha chai tu kwa kila manda. Wontoni zilizojazwa ziweke kwenye friza dakika ishirini kabla ya kukaanga. Manda itapata muda wa kukauka kabla jibini haijalegea.

Zilizogandishwa zinagandana au zinapasuka

Zikigandana, ulizitia mfukoni zikiwa laini. Zipange kwanza kwenye sinia iliyonyunyiziwa wanga, zisigusane, zigande kama mawe kwa saa mbili, ndipo uzitie mfukoni utoe hewa. Mwezi mmoja zitakuwa nzuri bado.

Zikipasuka, ama ziliyeyuka nje ya friza manda zikalowa, ama zilikuwa na barafu juu. Zitoe moja kwa moja mpaka karaini, usiziyeyushe. Pangusa chembe za barafu, kwa sababu barafu ikigusa mafuta yanaruka na kuchoma mikono. Anza na nyuzi 165, tia nne au tano tu, upe kila zamu dakika moja zaidi ya kawaida, kisha pandisha moto mwishoni zipate rangi. Zilizobaki baada ya kula usizirudishe kwenye maikrowevu. Oveni ya nyuzi 180 kwa dakika tano hadi saba, juu ya wavu, inatosha.